Dkt. Kirimi Marete na Mguu wa Kushoto wa Fundi Salim

Saa kumi alasiri ya leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 1989, Dkt. Kirimi Marete atakabidhi ufunguo wa chumba namba nne na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Nyeri kwa miaka ishirini na minne na miezi mitano. Mlango wa chumba hicho haujafungika tangu mwaka wa 1974, lakini ufunguo ni mali ya Serikali na utaratibu ni utaratibu.

Dkt. Marete alizaliwa mwaka wa 1934 karibu na Timau, penye mashamba ya ngano, mahali ambapo, kwa maelezo yake mwenyewe, baridi humfundisha mtoto kunyamaza ili asipoteze joto. Somo hilo hakulisahau. Alisoma katika shule ya misheni, akaendelea hadi Makerere, akahitimu udaktari, akafanya kazi Nairobi kwa muda mfupi, kisha akaletwa kwetu tarehe mosi Februari 1965. Hospitali ilikuwa imeomba daktari wa upasuaji. Ilipewa yeye, daktari wa magonjwa ya ndani, mtu asiyependa kukata kitu chochote. Kamati ya sherehe ya leo ilikumbushwa jambo hilo baada ya keki kuagizwa.

Waliofanya kazi naye wanajua kwamba hakuwahi kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi kabla ya kumtazama akitembea. Kila aliyeingia chumba namba nne alitolewa nje tena, akaelekezwa barazani, akaambiwa atembee hadi ukutani na kurudi. Wanaume walivaa kaptura ya hospitali, na kaptura hizo zilikuwa mbili tu, moja kubwa na nyingine kubwa zaidi. Wanawake walijifunga leso na kusindikizwa na muuguzi. Ilikuwa vivyo hivyo kwa mwenye maumivu ya mgongo, mwenye kikohozi na mwenye jipu sikioni. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Mei, mpita njia aliwaona watu kumi na wawili wakienda na kurudi kwa nidhamu ile, akadhani tunajiandaa kwa gwaride la Siku ya Madaraka. Kesho yake tulipelekewa ujumbe wa kuuliza kama tungependa kuazimwa ngoma.

Mtindo huu ulikuwa na gharama yake, na aliyeilipa ni Sista Magdaline Wamucii, muuguzi aliyesimamia wagonjwa wa nje karibu miaka yote hiyo na ambaye leo ameketi safu ya mbele. Kazi yake ilikuwa kuisukuma foleni. Kazi ya Daktari, kwa maoni ya Sista, ilikuwa kuizuia.

"Daktari, laini imefika kwa geti," alikuwa akimwambia kila Jumatatu. "Ati tungoje mpaka hawa watu wazeekee kwa benchi?"

"Wakizeeka, Sista, tutawatibu uzee," Daktari alikuwa akijibu, bila kuinua kichwa.

Hadi leo wafanyakazi hawajakubaliana kama hayo yalikuwa mzaha. Sista Magdaline anashikilia kwamba ilikuwa taarifa.

Lipo pia tukio la mchuuzi wa Karatina aliyetuletea kabeji za jikoni mwaka wa 1968. Aliingia kupitia mlango usio wake, akafungua kinywa aeleze alichokuja kufanya, akaombwa aendelee kukifungua na atoe ulimi. Alitii. Alivuliwa shati, akatembezwa barazani, akagongwa magoti kwa ile nyundo ndogo ya mpira, na mwishowe akakutwa na shinikizo la damu ambalo hakuwa na habari nalo. Alipopata nafasi ya kusema ameleta kabeji, wagonjwa wa wodi walikuwa wamekula ugali kwa chumvi. Mchuuzi huyo ametibiwa hapa tangu siku ile, na huingia kwa mlango ule ule.

Katika miaka hii Dkt. Marete alianzisha kliniki ya Jumatano ya magonjwa ya misuli na mishipa ya fahamu, ambayo ilianza ikiwa na kiti kimoja na sasa ina idara yake ya mazoezi ya viungo, iliyojengwa kwa harambee. Alikwenda na chanjo ya polio hadi Sagana upande mmoja na Timau upande mwingine. Alifundisha wauguzi na matabibu wengi, ambao sasa wako katika hospitali za mkoa mzima, na ambao hutambulikana kwa urahisi kwa sababu foleni zao ni ndefu. Bi. Gakii, mkewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, aliwahi kutuambia kwamba hata nyumbani Daktari huwatazama wageni wakitoka mlangoni hadi kwenye lango, na kwamba shemeji yake mmoja alitibiwa nyonga kwa njia hiyo bila kuomba.

Lakini mtu akitaka kuelewa kwa nini tunamuaga daktari huyu kwa heshima ya pekee, hana budi kusikia habari za mguu mmoja. Ni mguu wa kushoto wa Fundi Salim Dawud, mshonaji wa nguo za wanaume wa Majengo, hapa Nyeri. Fundi yuko nasi ukumbini pamoja na mkewe. Ametupa ruhusa ya kuzisimulia kwa sharti moja, kwamba tutamke mbele ya watu wote kuwa tepu yake haikuwa na kasoro. Tunatamka hivyo.

Mwaka wa 1971 Fundi Salim alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye cherehani yake mwenyewe na mchumba, Bi. Mwanabibi Jumaa. Posa ilikuwa imekubaliwa na kitambaa cha suti ya harusi kilikuwa kimeshakatwa. Hapo ndipo alipogundua kwamba suruali zake zote zinampwaya mguu wa kushoto. Kama fundi mwaminifu, alijilaumu mwenyewe. Alifumua mshono akaupunguza. Baada ya miezi kadhaa ukapwaya tena, akaupunguza tena. Alipofika mara ya tatu ndipo alipoanza kushuku kwamba tatizo halikuwa katika kitambaa.

Hakuwa na maumivu. Hakuwa na ganzi wala homa. Paja la kushoto lilikuwa limekonda, na shavu la mguu vilevile, na akipanda ngazi mguu ule ulichelewa kidogo, kama mtu anayeitwa akiwa na shughuli nyingine. Majengo nzima ilikuwa na maelezo. Wengine walisema ni kanyagio cha cherehani, akahamishia kazi mguu wa kulia. Mguu wa kushoto ukaendelea kukonda ukiwa mapumzikoni. Wengine walisema ni sindano aliyodungwa vibaya utotoni. Mama yake, Bi. Mwanaisha, alisema ni kukosa kula, akampikia. Salim alinenepa kila mahali isipokuwa pale.

Alipofika chumba namba nne alitolewa nje, akavalishwa kaptura ile kubwa zaidi, akatembea. Dkt. Marete alimtazama akienda na kurudi mara nyingi hivi kwamba Sista Magdaline aliwaruhusu wengine waende kunywa chai. Kisha uchunguzi ukaanza, na ulichukua miezi. Daktari alipapasa mishipa nyuma ya goti na pembeni mwa mguu akitafuta ukoma, akagusa ngozi kwa pamba na pini akitafuta ganzi, asipate. Alipiga eksirei ya mgongo akitafuta kifua kikuu cha mifupa. Alipima mkojo akitafuta kisukari. Alimwita Bi. Mwanaisha na kumhoji juu ya kila homa aliyopata mwanawe tangu kuzaliwa, akitafuta polio iliyopita kimyakimya. Bi. Mwanaisha alijibu yote, halafu akauliza kama daktari naye angependa kusikia homa za watoto wake wengine. Daktari alisema ndiyo.

Na kila ziara, Salim aliambiwa atoe ulimi. Daktari aliinama akautazama kwa muda, kisha akamwambia aurudishe. Fundi aliwaambia majirani kwamba amepata daktari mwenye elimu sana, ila anatafuta mguu mdomoni.

Sababu ya ulimi ilikuwa nzito, na Daktari hakumficha. Baada ya magonjwa mengine yote kuondolewa, yalibaki mawili. Lipo gonjwa linaloanza katika mguu mmoja, likala misuli polepole kwa miaka kadhaa, kisha likasimama lenyewe na lisiguse kiungo kingine. Mtu hubaki na mguu mwembamba na umri wake wote. Na lipo jingine ambalo huweza kuanza vivyo hivyo, bila maumivu, katika mguu mmoja. Lakini hilo halisimami. Huhamia mguu wa pili, likapanda mikononi, likaingia katika ulimi na koo, na mwishowe likazuia pumzi, na kwa kawaida halimpi mtu miaka mingi. Siku za mwanzo, magonjwa hayo mawili hufanana. Mtaalamu wa Nairobi alimpima Salim misuli kwa sindano za umeme, akathibitisha kwamba mishipa ya fahamu inayouendesha mguu ule inakufa, na akasema kwa uungwana kwamba kipimo chake hakiwezi kutofautisha. Kilichoweza kutofautisha ni muda. Mguu wa kulia ukibaki ulivyo, Salim ataishi. Ukianza kukonda, basi.

Salim alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu: "Na harusi, Daktari?"

"Mimi sina dawa ya kukupa," Daktari alisema. "Ninachoweza ni kutazama. Harusi mtaamua ninyi."

Salim aliamua kuiahirisha. Alimwambia Mwanabibi kwamba hatamwoa mwanamke ili amwachie eda. Mwanabibi, ambaye hakuwa mtu wa kusema sana, alimjibu kwamba kitambaa hakiozi, na akangoja.

Ili muda utoe jibu, ilibidi miguu ipimwe. Kila mwezi, alfajiri kabla ya kazi, tepu izungushwe paja la kulia na la kushoto, mahali pale pale palipowekwa alama juu ya goti. Hospitali ilikuwa na tepu moja, ambayo ilikuwa imepima matumbo ya waja wazito tangu enzi za Mwingereza na ilikuwa imerefuka kwa huruma. Fundi alikuwa na tepu nzuri shingoni na mazoea ya kupima watu kila siku. Dkt. Marete akaona ni busara amwachie mwenye kazi yake. Kwa hiyo Salim akawa anajipima mwenyewe nyumbani, na kila alipokuja kliniki alitaja vipimo kutoka kichwani, kama mafundi wanavyobeba vipimo vya wateja, Daktari akaviandika. Miaka miwili ikapita. Kushoto ilipungua kidogo kidogo. Kulia ilisimama palepale. Sista Magdaline anakumbuka kwamba Daktari alianza kuomba sukari katika chai.

Mwaka wa 1973 Fundi Salim aliungua mkono kwa pasi ya makaa. Alikuja kliniki akiwa amefungwa bendeji hadi kwenye vidole, hajajipima mwezi ule, na kazi hiyo ikamwangukia Sista Magdaline. Alitumia tepu ile ile ya Fundi, juu ya alama ile ile. Akataja kipimo cha kushoto: kimepungua zaidi ya inchi. Akataja cha kulia. Kalamu ya Daktari ikasimama.

"Pima tena, Sista."

Akapima tena. Kisha Daktari akapima mwenyewe. Paja la kulia, lililokuwa halijabadilika kwa miaka miwili, lilikuwa limepoteza inchi nzima kwa mwezi mmoja.

Hakuna aliyehitaji kumweleza Salim maana yake, kwa kuwa vipimo ndiyo lugha yake. Alivaa suruali, akashukuru. Dkt. Marete alimwambia maneno mawili. La kwanza, kwamba kipimo ni kibaya na hatamdanganya. La pili, kwamba ameutazama mwendo wake asubuhi ile na mguu wa kulia haukutembea kama mguu uliopoteza inchi. Kwa hiyo arudi Jumatano ijayo, na kabla ya hapo asiamue jambo lolote. Salim alisikia la kwanza tu. Jioni ile alimtuma mama yake kwa akina Mwanabibi kuwaambia kwamba binti yao yuko huru, na wasimngojee mtu wa kufa.

Jumatano ilipofika, aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi alikuwa Bi. Mwanabibi. Salim alikaa mwisho wa benchi lile lile, akitazama ukuta. Daktari alipofungua mlango, Bi. Mwanabibi alisimama.

"Daktari, nimemuuliza huyu ana nini, ananiambia nikuulize wewe. Nimekuja wiki iliyopita kukuuliza wewe, ukaniambia siri ya mgonjwa nimuulize mwenyewe. Sasa mimi nizunguke baina yenu mpaka lini? Mimi ni mchumba au ni posta?"

Dkt. Marete alimtazama Salim. Salim akakubali kwa kichwa, na wote wawili wakaingia. Daktari akamweleza Bi. Mwanabibi habari yote, ya magonjwa mawili na ya inchi moja. Bi. Mwanabibi alisikiliza, akamgeukia mchumba wake.

"Inchi moja! Kwa inchi moja umemtuma mama yako, mtu mzima, apande kilima chetu kuja kunikataa?"

"Mwanabibi, wewe hujui inchi ni nini," Salim alisema kwa huzuni.

Ikumbukwe kwamba nje foleni ilikuwa imefika langoni na Sista Magdaline alikuwa tayari ameugonga mlango. Daktari mwingine angeandika barua ya Nairobi na kumwita mgonjwa anayefuata. Dkt. Marete alimwambia Fundi avae kaptura.

Alimtembeza barazani. Alimwambia asimame kwa mguu wa kulia peke yake, akasimama. Alimwambia arukeruke kwa mguu huo hadi ukutani, akaruka hadi ukutani na kurudi, wagonjwa wa benchi wakimhesabia kwa sauti. Mguu wenye ugonjwa ule usingeweza. Daktari alitazama magoti, akatazama ulimi, ambao ulikuwa umetulia kama siku zote. Kila alichokiona kilisema jambo moja na tepu ikasema jingine. Akampitia upya kuanzia unyayo, kwa muda wa kutosha kuwaudhi watu wote. Kisha akasema:

"Fundi, bendeji imetoka. Hebu jipime mwenyewe, vile unavyojipima nyumbani."

Salim alitoa tepu shingoni. Aliizungusha paja la kulia juu ya alama. Na kabla ya kusoma, kwa wepesi wa mtu aliyefanya jambo hilo maelfu ya mara, aliingiza vidole viwili baina ya tepu na ngozi. Akakitaja kipimo. Kilikuwa kile kile cha miaka miwili.

Sista Magdaline, aliyekuwa ameingia kulalamika juu ya foleni, ndiye aliyeuliza.

"Na hivyo vidole ni vya nini?"

"Vya nafasi, Sista," Salim alisema, akimshangaa. "Suruali usipoiachia nafasi, mtu atakaaje chini?"

"Kwani tulikuwa tunakushonea suruali?"

Hakuna fundi wa Majengo, wala wa Karatina, wala wa mahali pengine popote, anayempima mteja paja bila vidole viwili chini ya tepu. Hivyo ndivyo Salim alivyofundishwa, na hakuna aliyemwambia kwamba safari hii hakuna suruali. Sista Magdaline naye alifundishwa kuzungusha bendeji, na bendeji haiachiwi nafasi. Inchi iliyopotea ilikuwa unene wa vidole vya Fundi Salim Dawud.

Alitoa vidole, akajipima tena, ikawa kama ya Sista. Akavirudisha, ikawa kama yake. Alifanya hivyo mara kadhaa, polepole, bila mtu kumwambia. Kisha akakaa juu ya kitanda cha uchunguzi, akajifunika uso kwa ile tepu.

Bi. Mwanabibi alimwacha alie. Alipomaliza, alimwambia: "Haya. Sasa utapanda kilima mwenyewe, kwa miguu yote miwili, umwambie baba yangu habari ya vidole."

Dkt. Marete alisema kosa lilikuwa lake, kwa kuwa alimpa fundi tepu bila kumwambia kipimo ni cha nini. Alisema hivyo siku ile mbele ya Sista, na amesema hivyo kwa kila kundi la wanafunzi alilofundisha tangu wakati huo. Aliagiza kwamba kuanzia siku ile vipimo vyote vya kliniki ya Jumatano vichukuliwe na mtu mmoja yule yule, na Sista Magdaline akapewa kazi hiyo juu ya zile alizokuwa nazo. Sista hakumshukuru.

Hapa ingekuwa rahisi kusema kwamba mambo yalikwisha vizuri siku ile. Hayakwisha. Vidole viwili viliondoa kosa, havikuondoa ugonjwa. Mguu wa kushoto uliendelea kukonda, na kila Jumatano ya zamu yake Fundi alikuja bila kujua kama safari hii wa kulia utamsaliti kwa kweli. Hakuna dawa iliyotolewa, kwa sababu haikuwapo. Wapo waliomshauri Daktari ampe hata vidonge vya kumtuliza roho, kwani mgonjwa asiyepewa kitu huona hakutibiwa. Daktari alikataa. Alimpa mazoezi ya kuimarisha misuli iliyobaki, akampa kiatu chenye kisigino kilichoinuliwa kidogo upande wa kushoto, na akampa saa moja ya macho yake kila baada ya miezi mitatu.

Mwaka wa 1974 kushoto ilipungua. Mwaka uliofuata ilipungua tena, lakini kidogo mno. Mwaka wa 1976 Sista Magdaline alitaja vipimo na Daktari hakupata cha kubadilisha. Miezi mitatu baadaye, hivyo hivyo. Miezi mitatu mingine, hivyo hivyo. Kulia haikuwa imetikisika tangu 1971. Mikono mizima, ulimi mzima. Mwezi wa Novemba Dkt. Marete aliweka kalamu mezani, akampa Fundi jibu alilolingoja kwa miaka mitano.

"Umesimama," alisema. "Ulikuwa ugonjwa wa mguu mmoja. Nenda ukaoe."

Salim alimuuliza ugonjwa huo unaitwaje. Daktari alimtajia jina refu la kitabuni. Salim alilirudia mara mbili, akasema litamshinda mama yake, na kwamba yeye atawaambia watu kuwa mguu wake umestaafu mapema.

Harusi ilifanyika Majengo mwezi wa Desemba mwaka huo. Kitambaa hakikuwa kimeoza. Fundi aliikata suruali yake upya kwa vipimo viwili tofauti, akaishona kwa namna ambayo miguu yote miwili ilianguka sawa, na hakuna mgeni aliyeona tofauti isipokuwa mmoja, aliyesimama nyuma ya watu akimtazama bwana harusi akitembea. Mgeni huyo anastaafu leo.

Tunasimulia haya tukijua kwamba Dkt. Marete angependa tuseme machache. Ameomba izingatiwe kwamba hakumponya Fundi Salim. Tunazingatia. Mguu ule ni mwembamba hadi leo. Lakini zipo siku katika maisha ya mgonjwa ambapo kazi ya daktari ni kukataa kusema haraka: asimwambie mtu atakufa kwa sababu tepu imesema, wala asimwambie atapona kwa sababu mchumba wake analia. Kazi hiyo haina kidonge wala haionekani kwenye taarifa ya mwaka, na anayeifanya hulaumiwa na wote walio kwenye benchi. Daktari wetu aliifanya kwa miaka ishirini na minne na hakuwahi kuinua sauti.

Jumatano wiki hii alikuwa na kliniki yake ya mwisho. Fundi Salim, ambaye siku hizi huja mara moja kwa mwaka, alikuja. Alitembea barazani. Sista Magdaline, aliyestaafu mwaka juzi na hakuitwa na mtu, alitokea akapima. Hakuna kilichobadilika. Dkt. Marete alikunja tepu, akamrudishia mwenyewe.

"Fundi," alisema, "usirudi tena."

Fundi Salim alisimama pale kama aliyefukuzwa. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kumi na minane kati yake alikuwa ameingia na kutoka mlango ule. "Kabisa, Daktari?"

"Kabisa. Huna haja nami."

Waliokuwapo wanasema Fundi alifika langoni, akageuka ili aseme kitu, akamkuta Daktari bado amesimama barazani, anautazama mguu wake wa kulia.

Daktari, maneno yale mawili, "usirudi tena," ni mazuri kuliko yote yanayotamkwa katika hospitali hii, nasi tumekusikia ukiwaambia wengi. Wewe hatukuambii hivyo. Urudi. Urudi ukiwa mzima, kwa mlango wowote, ukiwa na kabeji au bila kabeji, na kiti utakikuta. Kwa kila mtu uliyemtazama hadi ukweli wake ukajionyesha, sisi wafanyakazi wenzako tunakushukuru. Pamoja na Bi. Gakii, tunakuombea mapumziko marefu, afya tele, na asubuhi za Timau zisizo na foleni.